Mwalimu wa Lugha Aandikapo Habari Zake kwa Kiingereza

Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la John Pombe Magufuli, ambalo kwa urefu wake wa kilometa 3 limeiunganisha Kigongo ya Misungwi na Busisi ya Sengerema juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, sisi tukaao karibu na gati la zamani tumeingia katika ukimya ambao hatukuuzoea. Zamani, msafiri aliyefika hapa akakuta kivuko kimekwisha kuondoka hakuwa na budi kungoja, na katika kungoja kwake alinunua sato wa kukaanga, alisimulia habari za kwao, na kama alikuwa na waraka wenye kumtatiza, aliuliza kama hapa hapakuwa na mtu ajuaye kusoma barua za maofisini. Kwa njia hiyo, miaka mingi baada ya kustaafu ualimu, nilijikuta msomaji wa barua za watu waliokuwa wakiingoja MV Mwanza au MV Misungwi iwavushe. Na barua nilizoletewa kwa wingi kuliko zote zilikuwa za walimu wenzangu, hasa walimu wa lugha, waliotakiwa kueleza kwa Kiingereza kilicho wazi na sahihi kazi waliyokwisha kuifanya.

Sasa magari hupita huko juu kwa dakika chache, na anihitajiye hana budi kuiacha barabara na kuteremka kwa miguu mpaka barazani kwangu. Ndivyo alivyofanya mwezi uliopita binti mmoja kutoka ng'ambo ya Busisi, mwalimu wa darasa la kwanza na la pili kwa muda wa miaka sita, ambaye jioni zake, fauka ya kazi ya shule, alikuwa amewafundisha Kiswahili wauguzi wa kigeni waliokuja kufanya kazi katika wilaya yake. Alikuwa amesikia habari za nafasi ya kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha nje, na miongoni mwa mambo aliyotakiwa kuyapeleka ilikuwa ni maelezo ya kurasa mbili juu ya tajriba yake ya kufundisha lugha.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu uketi. Za Busisi?”

“Nzuri, Mwalimu. Nimeleta barua yangu. Naomba unisahihishie Kiingereza tu.”

Neno lile “tu” nimelisikia mara nyingi mno katika maisha yangu, na kila nilisikiapo huingiwa na huzuni, maana aliletaye huamini ya kuwa habari yake imekwisha kuwa kamili, na kwamba kilichosalia ni kuipangusa vumbi la makosa ya sarufi. Niliisoma barua ile mara mbili. Makosa yalikuwamo, lakini hayakuwa mengi, wala hayakuwa mabaya. Kilichonisikitisha ni kwamba katika kurasa zote mbili hapakuwa na mtoto hata mmoja. Binti alikuwa amejieleza kuwa mtu mwenye shauku kubwa, mchapakazi, mbunifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi peke yake na pamoja na wengine, mwenye kutumia mbinu shirikishi zinazomlenga mwanafunzi. Na maneno hayo yote yalikuwa yamechukuliwa kutoka katika barua za mfano ambazo vijana hupeana siku hizi kwa simu, kiasi kwamba lau ungelifuta jina lake na kuandika la mhasibu au la mwuza bima, barua ile ingelisomeka vilevile.

Nikaiweka kando, nikamwuliza swali moja: watoto wa darasa la kwanza walipofika kwako mwezi Januari, walikuwa wakizungumza lugha gani?

Alishangaa kuulizwa jambo lililo dhahiri kiasi hicho. “Kisukuma, Mwalimu. Wachache sana walijua Kiswahili, labda wale wa wafanyabiashara wa pale senta.”

“Nawe uliwaingiza vipi katika Kiswahili?”

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, na mikono yake, ambayo mpaka wakati huo alikuwa ameikunja mapajani kama mtu aliye mbele ya hakimu, ikaanza kusema pamoja naye. Alinieleza jinsi alivyokuwa akiingia darasani na kikombe cha bati, akakiinua juu na kuuliza ni nini kilichomo, na darasa zima likajibu kwa sauti moja: “Minzi!” Naye hakuwakanya, wala hakusema kwamba wamekosea, kwa sababu hawakuwa wamekosea; alikunywa funda moja, akasema “maji”, akampa kikombe mtoto wa kwanza, naye mtoto hakuruhusiwa kunywa mpaka aseme “naomba maji”, na aliyefuata aseme “na mimi naomba maji”, hata kikombe kikaizunguka safu yote ya madawati. Kesho yake kikombe kilikuwa kitupu, na sentensi ya siku ile ikawa “maji yamekwisha”. Keshokutwa aliyamwaga kidogo sakafuni kwa makusudi, wakajifunza “maji yamemwagika”. Na kwa namna hiyo, kabla ya watoto kujua kwamba katika dunia hii kuna kitu kiitwacho ngeli, walikuwa wamekwisha kuyapatanisha maji na kitendo chake bila kukosea. Aliniambia pia habari za sauti ya r, ambayo Kisukuma hakina, na jinsi alivyowafanya watoto waige mngurumo wa mashine ya mtumbwi unapotoka mwaloni alfajiri, kwanza wote pamoja, kisha mmoja mmoja, kabla ya kuwaandikia ubaoni neno “barua” na neno “bahari”, ili mtoto asije akaandika “balua” na “bahali” mpaka darasa la saba.

“Mbona haya yote hayamo?” nikamwuliza.

“Nilidhani hiyo ni kazi ya kila siku tu, Mwalimu. Wao wanataka tajriba ya kufundisha Kiswahili kwa wasiokijua.”

Nataka msomaji asimame hapa kidogo pamoja nami, maana ndiyo sababu iliyonifanya niishike kalamu. Mwalimu huyu, kwa miaka sita mfululizo, alikuwa amefundisha lugha ya pili kwa watoto wasioijua, akiwa na ubao, chaki na kikombe cha bati, tena kwa ustadi ambao wengine huusomea kwa gharama kubwa. Na ilhali ndiyo sifa hasa aliyokuwa akitakiwa kuithibitisha, aliificha, kwa kuwa hakuna aliyepata kumwambia kwamba kazi ile ina jina. Wauguzi wale wa kigeni, aliowafundisha kwa miezi minane, aliwatia katika barua kwa aya nzima. Watoto wa Kisukuma, aliowafundisha kwa miaka sita, hakuwataja. Nadhani sote tuliofundisha katika pwani hii ya Ziwa tumeshiriki katika kosa hilo. Tunapohesabu tajriba yetu ya lugha, twamhesabu mgeni aliyetoka mbali, na twamwacha mtoto wa jirani.

Mimi mwenyewe nalijua kosa hilo kwa undani, kwa sababu lilinipata. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka 1970, aliutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na hapa kwetu habari hiyo haikuwa ngeni kabisa, kwani tangu 1968 palikuwapo mjini Mwanza makao ya mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Walimu wa shule wasingetosha kwa mzigo huo. Kwa hiyo tulitwaliwa sisi vijana tuliomaliza shule, tukapewa mafunzo ya siku chache, chaki, taa ya karabai na ahadi ya bahashishi ya shilingi 30 kwa mwezi, tukaitwa walimu wa kujitolea. Watu waliyaita madarasa yetu madarasa ya ngumbaru, na wazee tuliowafundisha hawakuona haya kuitwa hivyo.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Darasa langu lilikutana saa kumi alasiri katika ghala la pamba, na vitabu vyetu vilizungumza juu ya mambo ya watu wenyewe: pamba kwa mkulima, nyavu kwa mvuvi, ng'ombe kwa mfugaji. Neno la kwanza nililoliandika ubaoni lilikuwa PAMBA, nikalikata PA na MBA, nikawauliza ni nini kingine kinachoanza na PA, na kutoka nyuma mama mmoja akajibu “panga”, mwingine “paka”, na kabla jua halijatua tulikuwa na maneno kumi na mawili yaliyozaliwa na silabi moja. Mzee mmoja, ambaye alikuwa na umri wa kunizaa mara mbili, hakusema neno kwa muda wa majuma matatu. Msimu wa kuuza ulipofika, akaja darasani na stakabadhi ya pamba yake, akaiweka juu ya meza yangu, akaweka kidole chake chini ya jina lake, akasoma herufi moja moja, kisha akaniambia kwa sauti ya utulivu ya kwamba karani amekosea: jina lake huanza na Ng'w, nalo limeandikwa kwa Mw. Alikuwa amekaa maisha yake yote akiitwa kwa jina moja na kuandikwa kwa jina jingine, na siku ile ndiyo siku ya kwanza aliyoijua tofauti hiyo kwa macho yake mwenyewe. Alirudi kwa karani, na stakabadhi iliyofuata ilikuwa na jina lake kamili.

Miaka saba baadaye niliomba kazi ya kuwafundisha Kiswahili wataalamu wa kigeni katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Niliandika barua kwa Kiingereza nilichokihesabu kuwa cha adhama, kilichojaa maneno marefu niliyoyakusanya katika kamusi kwa usiku mbili, nami nikaitwa kwenye usaili. Mama mmoja wa Kizungu, mpole wa maneno, aliisoma barua mbele yangu, akainua macho, akaniomba nimweleze somo moja nililopata kulifundisha: nani alikuwapo, nilifanya nini, nini kilitokea. Nami, niliyekuwa na ghala zima la pamba kifuani mwangu, niliyekuwa na yule mzee na herufi zake, sikuweza kusema lolote. Kiingereza nilichokuwa nacho kilikuwa cha maneno makubwa. Cha kusema “mzee alikuja na stakabadhi yake” sikuwa nacho, kwa sababu sikupata kamwe kudhani kwamba jambo dogo kama hilo lina haki ya kusemwa kwa Kiingereza. Kazi nikaikosa, na kwa haki.

Tangu siku hiyo nimeshika itikadi moja, ambayo sijaona sababu ya kuiacha: uwazi wa Kiingereza katika waraka wa namna hii huanza kabla ya Kiingereza chenyewe. Huanza katika kukumbuka. Mwandishi ambaye mbele ya macho yake liko darasa lake, na madirisha yake, na idadi ya vichwa, na kitabu kilichokuwa mezani, na sentensi iliyowashinda wanafunzi siku ya Jumanne, huyo hata kwa Kiingereza cha kidato cha pili ataeleweka. Ama yule ambaye mbele yake hapana kitu ila hofu ya kuonekana hajui, atakimbilia maneno ya watu wengine, na maneno ya watu wengine hayawezi kubeba habari zake.

Huenda desturi hii ya mwalimu wa lugha kutoiandika kazi yake ina mizizi ya mbali kuliko tunavyodhani. Mwendo mfupi kutoka hapa ipo Bukumbi, ambako Mapadre Weupe walijenga misheni yao mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda. Na huko mwisho wa ghuba hii, upande wa kusini, ilikuwako Usambiro, alikokaa mmisionari Mskoti Alexander Mackay tangu alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 mpaka alipokufa kwa homa mwezi Februari 1890, akifasiri na kupiga chapa Maandiko kwa Kiganda. Wageni hao wote walikuja wakiwa hawajui lugha za Ziwa, na wote walizijua. Ni nani aliyewafundisha? Vitabu vinatuambia majina ya wanafunzi, maana wanafunzi ndio walioandika vitabu. Ama walimu wao, vijana wa vijijini, wapagazi, wapishi na wanawake wa sokoni waliorudia neno moja mara mia kwa subira mpaka ulimi wa mgeni ukalishika, aghalabu hatuwajui hata mmoja. Ufuo huu umekuwa na walimu wa lugha kwa karne nzima na zaidi, na wengi wao hawakuacha hata mstari mmoja wa maelezo ya kazi yao.

Leo angalau waraka unaombwa. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Makoko, karibu na Musoma, wamisionari wa Maryknoll walikuwa na chuo cha kujifunzia Kiswahili tangu zamani. Na kwa mpango wa Fulbright, vijana wa Tanzania na wa Kenya huenda Marekani kukifundisha Kiswahili katika vyuo vikuu kwa mwaka mmoja wa masomo. Mlango upo, na kwenye mlango huo hudaiwa Kiingereza. Wapo wanaoona ni izara kwamba mwalimu wa Kiswahili apimwe kwa Kiingereza kwanza, nami siwezi kusema kwamba uchungu wao hauna msingi. Walakini namkumbuka mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyekimaliza kitabu chake kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa kuwa hakupata wa kukichapa kwa lugha hiyo, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Alivuka kutoka lugha ya mama yake mpaka lugha nyingine akiwa na mzigo wake wote: mvua, mitego, dawa na adabu za nyumba ya Kikerewe. Kuvuka hakukumpunguzia kitu, kwa sababu kabla ya kuvuka alikuwa amekwisha kuandika kila jambo kwa lugha aliyokuwa akiliona kwayo.

Basi, nikamwambia binti aiweke kalamu chini, anisimulie miaka yake sita kwa Kiswahili, nami nikawa karani wake. Baada ya hapo tulianza kuvusha sentensi moja moja, na hapo sarufi ikapata zamu yake.

Jambo la kwanza lilikuwa nyakati za vitenzi, ambazo ndizo hukwamisha barua nyingi kuliko kosa jingine lolote nilijualo. Katika Kiswahili mtu akisema “nimefundisha Sengerema mwaka 2019”, hakuna sikio litakaloumia, maana kiambishi cha -me- ni kipana na hupokea wageni wengi. Kiingereza ni kikali zaidi mahali hapo: kitendo kikishatajiwa mwaka wake, na mwaka huo umekwisha kupita, hutakiwa “taught” peke yake, ilhali “have taught” huachiwa kazi ambayo hesabu yake inafika mpaka leo, kama anaposema kwamba amefundisha kwa miaka sita naye angali anafundisha. Kadhalika “nilikuwa nafundisha”, ambayo kwetu ni maneno ya kawaida kabisa, ikigeuzwa “was teaching” humfanya msomaji wa Kiingereza angoje tukio lililoingia katikati, labda moto au mgeni, na tukio lisipokuja hubaki ameduwaa. Binti alikuwa ameitumia mara tisa. Tuliibadilisha mara zote tisa, na barua ikapata mwendo wa mtu ajuaye aendako.

Palikuwapo pia neno “nilisoma”. Sisi twasema mtu amesoma sekondari fulani, na kalamu ikiteleza huandika “read”, ambalo, likitajwa pamoja na shule ya sekondari, Mwingereza hulielewa kuwa ni kufungua kitabu na kukisoma. Mahali pale hutakiwa “studied at”. Lilikuwapo tatizo la mwanafunzi mmoja wa kike aliyeanza sentensi akiwa mwanamke na kuimaliza akiwa mwanamume, kwa kuwa “yeye” wetu haulizi jinsia, na kosa hilo husahihishwa kwa kuisoma barua tena siku ya pili ukitafuta hilo peke yake. Na hata cheo chake chenyewe kilihitaji uangalifu, maana “Swahili teacher” inaweza kueleweka kuwa ni mwalimu aliye Mswahili, anayefundisha hesabu au jiografia. Lakini “teacher of Swahili” haina tashwishi yoyote.

Hayo yalichukua saa moja. Idadi ilichukua siku mbili.

Aliponiambia kwamba darasa lake la mwisho lilikuwa na watoto wengi, nilimwuliza wangapi, akasema kama tisini. Nikamwomba alitoe neno “kama”. Hakuweza, kwa hiyo kesho yake alikwenda shuleni, akaomba rejesta ya mahudhurio na daftari lake la maendeleo, akarudi kwa bodaboda juu ya daraja akiwa amevikumbatia vyote viwili chini ya kanga asivipige upepo. Watoto 94 waliandikishwa Januari. Mwisho wa mwaka, 78 waliweza kusoma kwa sauti hadithi fupi ya Kiswahili na kujibu maswali yake. Watano walihama na wazazi wao kufuata samaki katika kambi za uvuvi. Kumi na mmoja walisoma silabi, lakini sentensi nzima iliwashinda.

Alitaka kuwaacha wale kumi na mmoja. Alisema, kwa adabu lakini kwa uthabiti, kwamba mtu aombaye kazi hapeleki udhaifu wake. Nilimwelewa; kila mmoja wetu amelelewa katika hofu ya ukaguzi, na katika shule zetu tumezoea kuandika ripoti ambazo mkaguzi atafurahi kuzisoma. Lakini nilimwambia kwamba msomaji wake wa chuo kile cha nje, kama ni mwalimu, anajua kwa hakika ya kuwa katika watoto 94 wako ambao hawakufika, na akiona hawamo ataanza kuwatilia shaka hata wale 78. Tena, nikamwuliza, wale kumi na mmoja uliwafanyia nini?

Alikaa kimya. Kisha akasema kwamba kuanzia mwezi Agosti alibaki nao kila siku nusu saa baada ya kengele ya mwisho, chini ya mti, na kadi alizozikata katika maboksi ya biskuti, silabi moja kwa kila kadi, wakizipanga chini na kuzisoma kwa kuruka kutoka moja mpaka nyingine kama wachezavyo mchezo wa kuruka mistari. Na kwamba wanne kati yao, kabla ya mwaka kwisha, walikuwa karibu.

“Karibu vipi?”

“Walikuwa wanasoma ‘mama anapika’, Mwalimu, lakini wanapumzika katikati.”

Hilo nalo likaingia. Akaiandika sentensi ile mwenyewe kwa Kiingereza, bila kuniuliza, katika daftari lililokuwa juu ya goti lake, nami nikaiangalia: “I kept them for half an hour after class every day.” Sarufi ilikuwa safi, nami ningeliipitisha. Yeye ndiye aliyeikunjia uso. Aliniuliza kama neno lile “kept” halimwambii msomaji kwamba watoto walizuiliwa, kama wale wanaobakishwa kwa sababu ya utundu, wakafagie uwanja. Tukalizungumza neno hilo kwa muda mrefu kuliko tulivyoyazungumza yote mengine. Jua lilikuwa limeshuka upande wa Busisi, wavuvi wa dagaa walikuwa wakisafisha taa zao, na juu yetu malori ya Geita yalikuwa yakivuma darajani. Nikasema kwamba msomaji angeelewa tu. Akasema hapana, kwa sababu hawakuzuiliwa na mtu. Walitaka kubaki, na aliyebaki alikuwa ni yeye pamoja nao. Akaikata “kept” kwa mstari mmoja mwembamba, akaandika juu yake “stayed with”, akaisoma sentensi yote kwa sauti, polepole, akihesabu maneno kwa kidole kama afanyavyo darasani, kisha akaifunga kalamu yake.